Chupa ya Kumi na Moja

Shangazi yangu alianza kupika udi kabla sijazaliwa, na sijapata kumwona ameshika mizani. Ukimuuliza sukari kiasi gani, hujibu, "Ya kutosha." Marashi? "Mpaka yaseme basi." Mafuta ya sandali? Hapo huinamisha kichupa, huweka kidole kwenye mdomo wake kuzuia, na kabla hujahesabu matone keshakifunga. Mara ya kwanza nilikwenda jikoni kwake na daftari la skuli, nikaandika ukurasa mzima. Niliporudi kwangu Michenzani nikakaa kuusoma, nikaona hauna tarakimu hata moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ukurasa wa namna ile hunikosesha usingizi.

Kwa asiyejua, udi unaouzwa katika soko la Darajani, hapa Zanzibar, ni wa namna mbili kubwa. Kuna udi mtupu, vipande vya mti vitokavyo Assam na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, ambavyo huwekwa juu ya kaa kama vilivyo. Mti wenyewe, Aquilaria, ukiwa mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazina harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na huo utomvu ndio tunaoufukiza. Kipande kilichoshiba utomvu huzama majini, na Wachina wameupa udi jina kwa sifa hiyo: manukato yazamayo. Miti hiyo imekatwa mno, hata tangu 2005 jamii nzima ya Aquilaria imo katika orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa hutaka vibali. Udi wa daraja hilo mshahara wa mwalimu huutazama kwa mbali.

Namna ya pili ni udi wa kupika. Chenga hafifu, ambazo peke yake zingenuka kuni tu, hupakwa shira, hutiwa mafuta na marashi, kisha huwekwa mpaka zikolee. Ni werevu wa nyumba zisizo na fedha ya udi mtupu, na nasema bila kuona haya kwamba mimi huu ndio niupendao zaidi. Udi mtupu hukupa ulichokupa mti. Udi wa kupika una mkono wa mtu ndani yake. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe Alhamisi jioni, wakati nguo za Ijumaa zinafukizwa, uone kama hutaijua nyumba kabla hujaufikia mlango.

Basi nami nikataka kuwa na mkono. Nikaanza vibaya.

Shira ya udi nilidhani ni ile ile ya kaimati, na kwa sehemu ndivyo: sukari na marashi motoni, povu likae, mwiko ukiinuliwa shira ivute uzi. Hapo moto umefika kama nyuzi 110 za selsiasi, na hapo ndipo pa kutia chenga. Mimi nikasubiri zaidi, nikiona rangi ya dhahabu nikaipenda. Rangi ile ndiyo sukari inaanza kuungua. Nilipomimina chenga zikashikana, na zilipopoa nikawa nina kashata ya udi, sahani nzima, ambayo ilibidi niivunje kwa mchi. Kipande chake kikiwekwa juu ya kaa hunuka halua kwa dakika moja, kisha hunuka halua iliyoungua mpaka jirani wa ghorofa ya juu agonge.

Mara ya pili shira ilitoka sawa, nikaona sasa nimefuzu. Nikachukua manukato ya kupuliza, chupa kubwa niliyoletewa zawadi, nikayamimina sufuriani na jiko la gesi likiwaka. Manukato ya chupa sehemu yake kubwa ni spiriti. Moto wa buluu uliruka kimya kimya, bila kishindo, ukanichukulia nusu ya nyusi ya kushoto. Nilipokwenda kwa shangazi aliniangalia uso, akaweka chini kisu cha muhogo.

"Manukato hutiwa sufuria ikishaepuliwa, mwanangu. Na hilo nalo nilitakiwa nikuandikie?"

Makosa hayo mawili ni ya moto, na ya moto hujifunza mtu kwa siku moja. Kosa lililonichukua mwaka ni la pua. Nilikuwa nimenunua kila kitu: mafuta ya udi, miski, ambari, waridi, sandali, zafarani kidogo, na mafuta ya karafuu. Kila kichupa nilikinusa peke yake nikakipenda. Nikavitia vyote, kwa hoja kwamba kizuri na kizuri ni kizuri zaidi. Kilichotoka kilinuka kama mlango wa ukumbi wa harusi saa nne ya usiku, wanawake mia wanapoingia kwa pamoja. Hakikuwa kibaya. Hakikuwa kitu.

Hapo ndipo ualimu wangu ulipofaa. Niliacha kupika sufuria nzima kila mara. Sasa hupika chenga na shira tupu, mara moja, kisha huzigawa gramu ishirini ishirini katika chupa za jamu zilizooshwa. Msingi ni mmoja, kinachobadilika ni mafuta tu. Chupa ya kwanza natia matone sita ya sandali na basi. Ya pili, sandali sita na waridi mawili. Ya tatu, sandali sita na waridi manne. Kila chupa na karatasi yake: namba, tarehe, matone. Siruhusu vitu viwili vibadilike kwa pamoja, maana udi ukiharibika nitakuwa na washukiwa wawili, na udi haukiri. Kwa wanaopima kwa uangalifu zaidi, kuna mizani ndogo za sonara zinazosoma sehemu ya mia ya gramu, na ni kweli kwamba tone la mafuta mazito si sawa na tone la mafuta mepesi. Lakini kichupa kile kile, mkono ule ule, tone lanitosha.

Karafuu ilinifunza somo lake pekee. Mzanzibari ataionaje karafuu kuwa mgeni? Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachokamua mafuta hata ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Nikatia matone matatu katika gramu ishirini, kwa fahari ya nyumbani. Nyumba nzima ikanuka kwa daktari wa meno. Si kejeli: mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na yujenoli ndiyo dawa ambayo madaktari wa meno wameitumia kutuliza maumivu tangu zamani. Nikapunguza hadi mawili, bado. Moja, bado. Mwishowe nilichovya kijiti cha kiberiti kwenye mafuta, nikakipangusa, nikakoroga nacho. Hapo karafuu ikapotea, na chupa ile ikawa na joto ambalo chupa jirani haikuwa nalo. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia "nasikia karafuu" katika udi ule. Wanachosema ni kwamba unanuka kwao.

Tangu siku hiyo daftari langu lina mistari ya kukata mingi kuliko ya kuongeza. Anayeanza, udi wake ukipwaya, mkono hukimbilia kichupa kingine. Mara nyingi dawa ni kuondoa. Nilikuwa na mchanganyiko uliokuwa ukinuka sabuni, nikautia ambari kuuficha, ukawa sabuni yenye ambari. Nilipotoa miski, sabuni ikaondoka na waridi likaonekana, waridi ambalo lilikuwamo muda wote huo.

Hiyo miski nayo, tuseme ukweli, si ya paa. Miski ya asili hutoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Asia, na hii ya dukani ni kazi ya maabara. Ya kwanza ya namna hiyo ilipatikana 1888, Mjerumani Albert Baur alipokuwa akihangaika na baruti kali za jamii ya TNT, akakutana na harufu. Ambari ni habari nyingine. Hiyo hutoka tumboni mwa nyangumi na huokotwa ufukweni, na al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, aliisifu ile ya bahari ya Zanj, yaani bahari yetu hii. Ile iliyo katika kichupa changu sidhani kama imewahi kuona bahari. Wapo wanaodharau mafuta ya maabara. Mimi huyatumia, huyatia kwa ubahili, na hunusa. Yakinuka vizuri juu ya kaa, sina zaidi la kuyadai.

Juu ya kaa, nimesema, kwa sababu pua ya chupa na pua ya chetezo ni mbili. Katika chupa unasikia vyepesi kwanza, vile virukavyo. Katika kaa unasikia vyote, lakini kwa foleni. Ukiwa na maganda ya limau ndani yake, yataaga mapema sana, kabla hata moshi haujanyooka. Waridi hufuata. Sandali huchelewa, na ikiwapo huwachelewesha na wengine, ndiyo maana mafundi huitia hata pale wasipotaka inukie. Mwisho hubaki sukari na mti, na hapo chetezo kitolewe nje. Mimi hujaribu kila chupa kwa kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, juu ya kaa lililovaa jivu jeupe. Kaa jekundu hubabua. Na vile vidonge vya makaa vya kuwasha upesi vina shura ndani yake. Visubiri vimalize kuchechea na kutoa harufu yao, la sivyo utauhukumu udi kwa kosa la kidonge. Dirisha liwe wazi. Moshi wa udi nao ni moshi, na kwenye nyumba yenye mtu wa pumu mimi huacha kabisa.

Sijaribu zaidi ya chupa tatu kwa jioni moja. Ya nne pua haioni tena, na ubaya ni kwamba haikwambii kuwa imechoka, inakwambia kuwa udi ni hafifu, nawe unaongeza mafuta. Maduka ya manukato huweka buni za kahawa uzinuse katikati. Nimejaribu; sikuona zinazidi hewa ya barazani. Hunusa kiwiko changu mwenyewe, nikatembea, nikarudi.

Na kuna kungoja. Siku ya kwanza udi wa kupika hukejeli kila kitu ulichokusudia: spiriti mbele, sukari nyuma, mafuta yanaelea juu ya chenga bila kuingia. Wiki moja baadaye mafuta yameanza kuzama mtini. Baada ya wiki tatu unaweza kuanza kusema nao. Chupa namba nne niliitupa siku ya pili kwa hasira, jalalani, pamoja na kifuniko. Namba tano, ambayo ilipungua tone moja tu la waridi, niliisahau nyuma ya kabati la vyombo mwezi mzima wa Ramadhani, na siku ya Idi ndiyo iliyofukizia nguo za watoto. Bado huiwazia namba nne.

Mwaka jana nilimfanyia shangazi hila. Nilimwomba apike mbele yangu mara tatu, wiki tatu tofauti, na kila mara nilipima pakiti yake ya sukari kabla na baada, yeye akiwa ameenda kuswali Laasiri. "Ya kutosha" ilikuwa gramu 212 mara ya kwanza, 208 mara ya pili, na 210 mara ya tatu. Sikumwambia. Niliziandika kwenye ule ukurasa wa kwanza, pembeni, kwa penseli.

Mwezi uliopita nilimpelekea chupa ya saba, sandali sita, waridi mawili, udi manne, kijiti cha karafuu. Alikiweka kipande juu ya kaa, akatandaza mtandio wake juu ya moshi, akaukunja, akaunusa, kisha akaurudisha kichwani bila neno. Tukanywa chai. Nilikuwa nimeshavaa viatu mlangoni ndipo aliposema.

"Udi wako una sandali nyingi. Lakini sijautoa mtandio."

Chupa ya kumi na moja ina sandali tano. Nitaifungua Ijumaa ya wiki ijayo, zikitimia siku ishirini na moja.