Mraba Haujui Maji

Wapenzi wa ramani huzisifu sana zile za wapima ardhi wa magharibi ya Kanada, na kweli ni safi. Kuanzia 1871, mbuga za nyasi zilikatwa miraba, maili sita kwa sita, kila mraba ukagawanywa sehemu 36. Ofisa aliye Ottawa angeweza kugawa bonde la Alberta bila kuligusa kwa mguu. Na waligawa! Mwishoni mwa 1881 serikali iliruhusu mtu mmoja kukodi hadi ekari 100,000 za malisho kwa miaka 21. Kodi? Senti moja kwa ekari kwa mwaka. Senti moja, jamani.

Mimi naziona ramani hizo kama barua ya wakili: hakuna kosa la tahajia, lakini mwenyeji hayumo.

Linganisha na ile aliyoichora Ac ko mok ki, chifu wa Siksika, Februari 1801, kwa ajili ya Peter Fidler wa Kampuni ya Hudson's Bay. Magharibi iko juu. Milima ya Rocky ni mistari miwili tu. Mto Missouri unashuka katikati, na mito mingine inaungana nao kama matawi na shina. Hakuna vipimo vya maili. Umbali ni siku za safari. Makundi ya watu yamo pia. Mwaka uliofuata, Aaron Arrowsmith wa London aliingiza maarifa hayo kwenye ramani yake ya Amerika Kaskazini, ambayo baadaye ilitumika kupanga safari ya Lewis na Clark.

Halafu eti hiyo ndiyo huitwa mchoro tu, na miraba ndiyo sayansi!

Siwanyimi wapimaji haki yao. Kwenye madaftari yao waliandika udongo, vijito, hata njia za zamani. Lakini kilichouzwa ni mraba, na mraba haujui maji. Ukimpa mtu kipande kimoja chenye kijito akakizungushia waya, nyasi za maili nyingi nyuma yake hazina kazi tena, maana ng'ombe hali nyasi akiwa na kiu. Ndiyo maana miaka ya 1880 William Pearce, ofisa wa serikali hiyohiyo, alianza kutenga sehemu za kunyweshea mifugo. Yaani walirudi kuchora maji juu ya miraba yao wenyewe, miaka themanini na kitu baada ya chifu kuanza na mito.

Nakala ya Fidler iko kwenye hifadhi ya kampuni hiyo, Winnipeg. Ukiipata kwenye simu, izungushe kidogo, la sivyo utatafuta kaskazini mahali isipokuwepo.