Hongereni, Wataalamu wa Nusukaputi

Mtoto akitoka salama chumba cha upasuaji, shukrani humwendea daktari aliyeshika kisu. Leo nawapongeza wanaosimama upande wa kichwa: wataalamu wa nusukaputi wa Hospitali Kuu ya Kaunti ya Kakamega na wenzao kote Kenya, wengi wao maafisa wa kliniki waliosomea fani hii.

Kazi yao huanzia kwenye mizani. Dozi ya mtoto haikisiwi kwa macho. Hupigiwa hesabu kwa kila kilo. Moyo wa mtoto mchanga hupiga takriban mara 120 hadi 160 kwa dakika, na hauna uwezo mkubwa wa kuongeza damu inayosukumwa kwa kila pigo. Mapigo yakishuka, damu inayofika ubongoni nayo hupungua. Dawa ya usingizi iitwayo halotheni ikizidi, hulegeza misuli ya moyo, hupunguza mapigo na kushusha presha. Dawa hiyo ikipungua mno, mtoto anaweza kuhisi maumivu. Dawa nyingine, ketamini, kwa kawaida hudumisha presha, ndiyo sababu huchaguliwa kwa mtoto aliyepoteza damu, lakini nayo ina kipimo chake. Mapigo yakipungua ghafla, wataalamu hawa hukimbilia kwanza oksijeni, na atropini, dawa ya kuongeza mapigo, huwa tayari ndani ya sindano.

Hongereni kwa umakini huo. Kaunti iwaongezee wenzao na mashine za kupima mapigo na oksijeni. Nawe mzazi, wakikuuliza mtoto amekula saa ngapi, waambie ukweli: uhai wake unategemea jibu hilo.