Dhana Kabla ya Zimwi

Mchezo wa televisheni wa Marekani, Dark Shadows, ulijipatia sifa kwa Barnabas, maiti mnyonya damu. Lakini sehemu ya kwanza, ya tarehe 27 Juni, 1966, haina zimwi; Barnabas aliingia mwaka 1967. Yupo Victoria tu, binti aliyelelewa nyumba ya mayatima, yumo garini moshi akienda kulea mtoto katika jumba la Collinwood. Wanaokutana naye wanamtisha: jumba lina shari, mwenyewe hajatoka miaka 18. Kitishacho ni ndimi za watu.

Hapo ndipo mchezo ulipokuwa bora. Mizuka ilipokuja, watazamaji waliongezeka, ukweli ukapungua.

Nimeutazama tena hapa Mwazye, Ufipa. Jina la Sumbawanga hufasiriwa "tupa uchawi", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wa Kamcape walipita vijijini humu wakisaka wachawi. Hata leo bibi kizee aliyefiwa na wanawe hunong'onwa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza dhana.

Basi wanao wakiutazama, waulize: nani ameiona shari hiyo kwa macho yake? Wakijibu hakuna, wamefahamu.