Injini Ikinyamaza, Pima Tapeti

Wenye Morris Minor na Mini za zamani wana imani isiyokufa kwamba injini kuukuu huponywa na petroli ya bei ghali. Imani hiyo ina mzizi. Petroli ya enzi zao ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilifanya kazi mbili. Ilipoondolewa, watu wengi waliikumbuka moja tu.

Waliyoikumbuka ni oktani. Desemba 1921 Thomas Midgley wa General Motors alibaini kuwa tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Basi, oktani hupima uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia. Injini ya A-Series iliyomo kwenye Minor hubana kwa uwiano wa 8 kwa 1 hivi, na zipo zilizotengenezwa zibane chini ya hapo. Petroli ya RON 95 kwa kawaida inaitosha. Ikigonga mlimani, angalia taimingi kwanza kabla ya kufungua pochi.

Kukosekana kwa kazi ya pili ndiko kulikoua hedi. Hedi ya A-Series ni ya chuma cha kusubu, na siti za valvu zimechongwa humo humo kwenye chuma laini. Risasi ikiungua iliacha utando mwembamba juu ya siti. Utando ukikosekana, valvu ya egzosi iliyopata moto sana hunata kidogo kila inapojifunga, ikifunguka inang'oa vipunje vya chuma, na vipunje hivyo vinasaga siti. Polepole siti inazama.

Hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Kitu kikichakaa tunatarajia nafasi iongezeke na kelele izidi. Huku ni kinyume: siti ikizama, shina la valvu hupanda kuelekea roka, na nafasi ya tapeti, yaani uwazi kati ya roka na shina hilo, hupungua. Injini inakuwa kimya, mwenye gari anafurahi. Kipimo ni inchi 0.012, sawa na milimita 0.3, injini ikiwa baridi. Ukiseti leo, na baada ya safari ndefu za kasi fila geji haipiti tena kwenye valvu za egzosi, siti inaliwa. Nafasi ikiisha kabisa valvu haijifungi, moto unavuja ukingoni na kuuunguza, na kompresheni inakwisha.

Tiba hufanyika kwenye mashine, wala si kwenye pampu ya mafuta. Siti ya zamani hukatwa, pete ya chuma kigumu iliyozidi tundu kidogo ikashindiliwa, kisha ikachongwa kwa nyuzi 45. Gari la kuzungukia mtaani linaweza kusubiri hadi siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, kwani siti huliwa zaidi kwa mwendo wa kasi na mzigo. Mwenye Volkswagen Beetle asikubali kuuziwa hofu hii: hedi yake ni ya aluminiamu, na tangu kiwandani ina pete.

Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliazimia kuiondoa risasi, na kufikia 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeachana nayo. Algeria ilifunga ukurasa Julai 2021. Siku hizi cha kuulizia kituoni ni ethanoli. Hulainisha mipira ya zamani na kuvuta maji tangini, kwa hiyo inapouzwa petroli yenye ethanoli, badilisha kwanza mipira ya mafuta na dayaframu ya pampu.