Tembo la Leicester halikutiwa maji

Timu ndogo ikichukua ubingwa, kisha msimu unaofuata ikaporomoka, methali huwa imeshafika mdomoni kabla mtu hajafikiri: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi niliisikia kwenye kibanda umiza huko Mbagala, Alhamisi ya Februari 23, 2017, tukisubiri mechi za Europa. Habari ikaingia kwenye simu kwamba Leicester City wamemtimua Claudio Ranieri. Mzee aliyekaa benchi la mbele hakugeuza hata shingo. "Wamelewa sifa hao," akasema. "Tajiri kawagawia BMW, mishahara imepanda, nani atakimbia tena?" Kibanda kizima kikaitikia.

BMW zilikuwepo kweli. Mwenye klabu aliwapa wachezaji wake, tena za aina moja. Mishahara nayo ilipanda. Lakini nimezirudia mechi za msimu ule mara nyingi, na sijawahi kuwaona watu waliokataa kukimbia. Ninachokiona ni tembo lilelile limemiminwa kwenye kibuyu kilichotoboka sehemu mbili, na matundu yale yanaonekana ukijua pa kutazama.

Tuanze na kibuyu kilipokuwa kizima. Msimu wa 2015/16 Leicester walichukua Ligi Kuu England kwa pointi 81, wakapoteza mechi 3 tu kati ya 38. Walimiliki mpira chini ya asilimia 45, jambo ambalo bingwa hafanyi. Mfumo wao ulikuwa 4-4-2, ule ambao makocha wengi walikuwa wameshauweka kabatini. Siri yake ilikuwa ufupi. Kutoka kwa mshambuliaji wa pili, Shinji Okazaki, hadi kwa nahodha Wes Morgan kwenye beki ya kati, timu nzima ilikaa kwenye kipande kidogo cha uwanja, kama watu waliojibana chini ya mwavuli mmoja. Ukipeleka mpira kati unakuta miguu. Ukipeleka pembeni unalazimika kupiga krosi, na krosi ndiyo chakula cha Morgan na Robert Huth.

Mabeki hao wawili ndio ufunguo wa kuelewa yote yaliyofuata. Walikuwa hodari wa kichwa, hodari wa kuziba mashuti, lakini hawakuwa na mbio. Ukiwavuta mbele na kuwapitishia mpira nyuma ya mgongo, umewamaliza. Kwa hiyo walikaa nyuma, karibu na kumi na nane yao, na wakikaa nyuma namna hiyo mbele yao panabaki uwazi ambao mtu lazima aufagie. Aliyeufagia ni N'Golo Kanté.

Mtazame Kanté kwenye marudio yoyote ya msimu ule, ila usiutazame mpira. Mtazame yeye wakati kiungo wa wapinzani anainua kichwa kutafuta pa kupiga pasi. Kanté ameshaondoka. Haendi kwa mwenye mpira, anaenda pale pasi itakapotua, na mara nyingi anafika sekunde ileile na mpokeaji. Msimu ule alipora mpira mara 175 na kukata pasi 156, na katika yote mawili hakuna aliyemfikia kwenye ligi. Akishaupata hafanyi makuu. Anampa Danny Drinkwater aliye hatua chache pembeni, na Drinkwater anaurusha nyuma ya mabeki, Jamie Vardy akiwa tayari mbioni. Watu walikumbuka mabao 24 ya Vardy. Mengi yalianzia kwenye ule uwazi.

Ulinzi ule haukushuka kutoka mbinguni, ulijengwa mechi hadi mechi. Katika mechi 19 za kwanza waliruhusu mabao 25. Katika 19 za mwisho waliruhusu 11, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Aprili 2016 walishinda mechi nne mfululizo kwa bao moja bila.

Kiangazi kile Chelsea wakamchukua Kanté kwa takriban pauni milioni 32. Chelsea walikuwa wamemaliza nafasi ya kumi, hawana mechi za Ulaya. Msimu uliofuata wakawa mabingwa kwa pointi 93. Siwezi kusema mtu mmoja alifanya yote hayo, kwa kuwa Antonio Conte alibadilisha mengi pale. Ila ukitaka kujua uzito wa tundu, pima pia kilichomwagikia upande wa pili.

Leicester walijua wamepoteza nini. Walimnunua Nampalys Mendy kutoka Nice azibe pale, akaumia kifundo cha mguu mwezi Agosti. Wakajaribu kumweka Andy King, wakajaribu Daniel Amartey. Wachezaji wazuri wote wawili, lakini King ni mtu wa kupanda mbele kutafuta bao, na Amartey ni mkabaji anayesubiri ajiwe. Ule uwazi ukabaki bila mfagiaji. Tayari Agosti 13, mechi ya kwanza ya msimu, Hull City waliotoka kupanda daraja na wasio na kocha wa kudumu waliwafunga 2-1. Hadi siku ile hakuna bingwa aliyekuwa amewahi kupoteza mechi ya ufunguzi tangu Ligi Kuu ianze 1992. Bao la ushindi alilifunga Robert Snodgrass kutoka ukingoni mwa kumi na nane, mahali hasa ambapo mwaka mmoja nyuma angekuta mguu wa Kanté.

Tundu la pili halikusemwa sana, nami naona ndilo lililoumiza zaidi kwa sababu walilitoboa wenyewe. Okazaki hakuwa mfungaji wa kutisha. Jukwaani watu walimuona kama mchezaji wa kukimbiakimbia tu. Kazi yake ilikuwa kumganda kiungo wa chini wa wapinzani, yule anayeanzisha mashambulizi, asigeuke na mpira. Kila Okazaki alipomziba mtu huyo, Drinkwater na Kanté hawakuhitaji kupanda, na timu ikabaki fupi. Sasa bingwa ana fedha, na mwenye fedha hununua mabao. Wakaja Ahmed Musa kutoka CSKA Moscow na Islam Slimani kutoka Sporting, Slimani akiwa ghali kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu hadi wakati ule. Okazaki akaanza kukaa benchi. Slimani alikuwa na kichwa kizuri, Musa alikuwa na kasi, ila hakuna kati yao aliyefanya ile kazi isiyo na jina. Viungo wa wapinzani wakapata muda wa kugeuka. Drinkwater akalazimika kupanda kuwafuata. Morgan na Huth wakabaki nyuma palepale. Timu ikarefuka.

Steve Walsh, mkuu wa usajili ambaye jicho lake ndilo lililowaleta Vardy, Riyad Mahrez na Kanté, alikuwa ameshahamia Everton mwezi Julai. Aliyezoea kununua kilichopungua hakuwepo.

Na wapinzani nao walikuwa wamekaa darasani kiangazi kizima. Mwaka wa ubingwa timu kubwa zilikwenda Leicester zikijua zitashinda, zikapandisha mabeki wao, Vardy akapata shamba la kukimbilia. Msimu uliofuata wakaamua kuwaachia mpira na kupaki basi. Leicester wakajikuta wanatakiwa kujenga mashambulizi taratibu, kazi ambayo kikosi kile hakikuwahi kufundishwa. Vardy hakufunga bao tangu Septemba 10 hadi Desemba 10. Siku aliyofufuka alifunga matatu, wakawapiga Manchester City 4-2. Kwa nini City? Kwa sababu Pep Guardiola alikataa kupaki basi. Mabeki wake walipanda hadi katikati ya uwanja, na ndani ya dakika 20 za kwanza Leicester walikuwa mbele kwa mabao 3. Kama miguu ya Vardy ilikuwa mizito kwa sababu ya BMW, siku ile ilipona vipi?

Ulaya inathibitisha hilohilo. Timu iliyokuwa ikihangaika kwenye ligi ya nyumbani iliongoza kundi lake kwenye Ligi ya Mabingwa, ikazifunga Club Brugge, Porto na Copenhagen katika mechi tatu za kwanza bila kuruhusu bao. Kule walikuwa bado wageni, wapinzani walitaka kumiliki mpira, na Leicester wakapewa tena mchezo wanaoupenda.

Lakini Ulaya ilikuja na bili. Mwaka wa ubingwa walitolewa mapema kwenye makombe yote mawili ya ndani, hawakuwa na mechi nyingi za katikati ya wiki, na Ranieri alikuwa akiwapa wachezaji siku mbili za mapumziko kila wiki. Ufupi wa timu unategemea pumzi: watu kumi lazima wasogee pamoja kila mpira unaposogea, na mmoja akichelewa hatua mbili mlango uko wazi. Msimu uliofuata ziliongezeka mechi kumi za Ligi ya Mabingwa, pamoja na safari zake. Jumatano hujafanya mazoezi ya kukaba, Jumamosi unakaba kwa kumbukumbu.

Hapa kwetu bili hiyo huja kwa sura nyingine, na inaniuma zaidi. Biashara United ya Mara walimaliza nafasi ya nne Ligi Kuu Bara msimu wa 2020/21, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 wakawafunga Al Ahli Tripoli 2-0 jijini Dar es Salaam. Safari ya kwenda Libya kwa mechi ya marudiano ikashindikana, na timu iliyokuwa mbele kwa mabao mawili ikatolewa bila mpira kupigwa. Mwisho wa msimu huohuo wakashuka daraja. Watu wa Mara hawakulewa sifa yoyote. Nafasi ya nne iliwapeleka kwenye mashindano yanayohitaji ndege na vibali, na nguvu ya klabu ilikuwa ileile ya mwaka mmoja nyuma.

Turudi Leicester, maana kuna jambo linaloweza kuuvuruga uchambuzi huu wote. Januari 2017 walimpata mfagiaji: Wilfred Ndidi, kijana wa miaka 20 kutoka Lagos, akitokea Genk. Mrefu, miguu mirefu, anapora mpira kwa mbali. Kama tundu lilikuwa la Kanté tu, lingezibika hapo. Badala yake wakapoteza mechi tano za ligi mfululizo akiwa tayari amefika, na kuanzia Januari hadi siku Ranieri anaondoka hawakufunga bao hata moja la ligi. Walikuwa na pointi 21 katika mechi 25, pointi moja juu ya shimo la kushuka.

Jibu langu ni kwamba Ndidi aliletwa kwenye timu iliyokuwa imeshasahau umbo lake. Ranieri, ambaye nitamheshimu hadi mwisho, aliona wapinzani wameshaufungia mlango mchezo wake, akatafuta mwingine. Dhidi ya Chelsea akaweka mabeki watatu wa kati. Dhidi ya Southampton akapanga viungo kwa umbo la almasi. Kila wiki watu walewale walisimama mahali papya. Kocha akiwa na muda hiyo ndiyo kazi yake. Akiwa pointi moja juu ya shimo, kila jaribio linawaongezea wachezaji hatua mbili za kusita, na kwa Morgan na Huth hatua mbili ni bao.

Februari 27 msaidizi wake, Craig Shakespeare, alipanga kikosi dhidi ya Liverpool. 4-4-2. Okazaki nyuma ya Vardy. Mahrez na Marc Albrighton pembeni, Drinkwater kati. Kikosi cha ubingwa kitupu, isipokuwa Ndidi pale alipokuwa Kanté. Tazama dakika ya 28: Liverpool wamepanda, Albrighton anapitisha pasi moja nyuma yao, Vardy peke yake na kipa, bao. Dakika ya 39 beki anaokoa kwa kichwa, mpira unamkuta Drinkwater nje ya kumi na nane, anaupiga hewani bila kuutuliza. Dakika ya 60 krosi ya Christian Fuchs, kichwa cha Vardy. Ikaisha 3-1.

Baadaye walishinda na mechi nyingine nne za ligi zilizofuata, wakafika robo fainali ya Ulaya na kumaliza nafasi ya 12 kwa pointi 44. Lakini usiku ule, filimbi ilipolia, mimi niliwahesabu waliokuwa uwanjani walipoanza. Kumi kati ya kumi na moja walikuwa walewale aliowafanya mabingwa Ranieri, wamesimama palepale alipowasimamisha, na mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa siku nne nyuma.