Msomaji wa Oili Chafu

Karibu na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, yuko fundi mzee ambaye hamwagi oili bila kuitazama. Huingia chini ya gari na beseni la bati lililosuguliwa likatakata, akalegeza bolti ya sampu injini ingali moto, na mkondo unapoanza kushuka huukatiza kwa kikombe cheupe cha bati. Hutoka nacho hadi juani, akakiinamisha taratibu, akatazama jinsi oili inavyoteleza ukutani na kile inachokiacha nyuma yake. Vijana waliozoea desturi ya pale hunyamaza. Mgeni huuliza, "Mzee, sasa nitie gani?" Jibu lake huwa moja: "Ngoja kwanza, kijana wangu, tuone hii imepitia nini."

Siku niliyomkuta, gari lililokuwa jukwaani lilikuwa Subaru Impreza STI ya buluu, yenye injini ya EJ20 na turbo. Mwenyewe alikuwa ametoka nalo uwanjani, katika zile siku ambazo mtu hulipa kiingilio akazunguka na gari lake mwenyewe kwa kasi anayoiweza, bila kombe wala mshindani, kisha jioni akalirudisha nyumbani barabarani. Siku hizo zimependwa sana na vijana wetu, na ni jambo jema: afadhali kasi iishie kwenye uwanja kuliko Thika Road. Lakini oili inayoitosha Thika Road haitoshi huko, na wengi hulijua hilo injini ikishagonga.

Baada ya kikombe huja karatasi, na hapa ndipo ningeweza kukaa mchana kutwa. Mzee hukata vipande vya karatasi nene isiyong'aa, vya ukubwa wa kiganja, akadondosha tone moja la oili katikati. Pembeni huandika tarehe, gari na kilometa, halafu hukiweka kipande kwenye rafu isiyofikiwa na upepo, hadi kesho yake. Usiku kucha tone hutambaa. Oili ambayo bado ina nguvu husambaza weusi wake sawasawa, kijivu kikififia kuelekea nje pasipo mpaka unaoonekana. Oili iliyochoka hukusanya masizi katikati, duara jeusi lenye ukingo mkali, kwa sababu dawa zake za kubeba uchafu zimekwisha na uchafu umeanza kutua. Maji yakiwamo, ukingo huwa wa meno meno. Petroli ikiwamo, hutangulia kuliko vyote na kuacha nje kabisa pete iliyopauka.

Pete hiyo ndiyo anayoitafuta kwanza kwenye gari la turbo lililochapwa uwanjani. Injini inayosukumwa kwa nguvu hupewa petroli nyingi ili isiungue, na sehemu yake huteremka kando ya pistoni hadi ndani ya sampu. Chupa ilisema oili ni ya uzito wa 40, lakini kilichomo sasa si 40 tena. Mwenye gari hawezi kulijua hilo kwa kuchomoa dipstiki, kwa maana kijiti kitamwonyesha kwamba oili imejaa, pengine hata imeongezeka. Karatasi ndiyo inayosema ukweli. Nyuma ya mlango wa karakana mzee ametundika vipande vya gari moja moja, mwaka hadi mwaka, vimefungwa kwa waya, na ukimpa kimoja bila kumwonyesha maandishi atakuambia kama gari lilikwenda uwanjani au lilisimama kwenye foleni ya mjini.

Filta nayo haitupi. Huikata kwa kifaa cha kukatia mkebe, kamwe si kwa msumeno, kwa sababu msumeno huacha vumbi lake la chuma na kuvuruga ushahidi. Huitandaza ile karatasi ya ndani kunjo kwa kunjo, kama mama anayechambua mchele, kisha hupitisha sumaku. Chembe zinazorukia sumaku ni za chuma: kamshafti, kuta za silinda, gia za pampu. Zisizoitii sumaku humtia wasiwasi zaidi, maana metali laini za beringi za konrodi hazishikwi na sumaku, na zikianza kumetameta humo gari haliendi tena uwanjani hadi injini ifunguliwe. Beringi hizo hutenganishwa na krenkishafti na nafasi nyembamba kuliko unywele wa mtu, nafasi iliyojazwa oili peke yake. Tabaka hilo likikatika kwa nukta chache tu kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, kazi imekwisha.

Ndipo huanza maswali. Ulizunguka raundi ngapi mfululizo? Geji ya oili ilifika nyuzi ngapi? Kwenye kona ndefu, presha ilishuka? Ulipotoka uliizima pale pale, au uliipa raundi moja ya polepole ipoe? Swali la mwisho ni la turbo, ambayo shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikilainishwa na kupozwa na oili ile ile. Ukizima ghafla, oili iliyosimama humo huungua ikawa makaa. Swali la kona ni la Subaru hasa. Pistoni zake zimelala kushoto na kulia, sampu haina kina kirefu, na oili yote ni lita nne na ushei. Kona ikiwa ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu huvuta hewa. Mzee husema wazi kwamba hakuna oili ya kuliponya tatizo hilo. Hapo dawa ni sampu yenye vizuizi ndani, na kujaza hadi alama ya juu ya dipstiki. Nampenda kwa hilo. Anayeisifia chupa kwamba inatibu kila kitu ni mchuuzi.

Akishasikia majibu, huchagua, na anachagua kwa ajili ya mahali tulipo. Tuchukue maandishi ya chupa, 5W-40. Nambari ya kwanza ni ya baridi: oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izungushwe kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Nairobi, asubuhi ya Julai iliyo kali kuliko zote, haijapata kuona kitu cha namna hiyo. Hata hivyo tunanunua 0W kwa bei ya juu na kujivunia, tukilipia kinga ya theluji ya watu wengine. Tena kinga hiyo ina gharama nyingine. Ili oili iwe nyepesi kwenye baridi na nzito kwenye joto, mara nyingi hutiwa polima zinazotanuka inapochemka, na kadiri nambari mbili zinavyoachana ndivyo polima zinavyohitajika zaidi. Polima husagwa. Gia za pampu na beringi huzikatakata raundi baada ya raundi, na oili ikashuka daraja bila mtu kuona. Kwa hiyo 10W-40 iliyotengenezwa vizuri, kwa gari lisilowahi kuguswa na barafu, mara nyingi hudumu katika uzito wake kuliko 0W-40.

Nambari ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, na hapo ndipo uwanja unapoachana na barabara. Mjini oili hukaa karibu na nyuzi 90 au 100. Uwanjani, jua likiwa utosini, hupita 120, na mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huifanya turbo izunguke zaidi kwa nguvu ile ile na rejeta ipoze kidogo. Oili ya 40 ikifika nyuzi 120 kwa kawaida huwa nyepesi kuliko 30 ilivyo kwenye 100. Oili ya 50 kwenye joto hilo hukaribia tu kuwa 30 ya kawaida. Mzee hajasoma jedwali la hesabu hii, lakini ameiona kwenye beringi, na Subaru ile ya buluu aliiandikia 10W-50 ya esta, aina ya oili ya kutengenezwa maabara, imwagwe baada ya kila siku mbili za uwanjani, bila kungoja kilometa 5,000. Kijana mwingine aliyeomba hiyo hiyo kwa gari lake la kwenda kazini alinyimwa. Oili nzito kupita kiasi husukumwa kwa shida, hujipasha joto yenyewe, na asubuhi hulazimisha vali ya filta ifunguke ili ipite bila kuchujwa. Akampa 5W-40, akamrudishia chenji yake.

Ukimtajia majina ya kampuni, hugeuza chupa asome nyuma. Hutafuta alama ya ACEA A3/B4, kwa sababu oili ya daraja hilo imethibitishwa kubaki na uzito wa 3.5 mPa·s au zaidi inaposagwa kwenye nyuzi 150, na hilo kwa gari la uwanjani ni kubwa kuliko picha ya gari jekundu iliyo mbele. Akishaimimina huitoboa chupa tupu kwa bisibisi kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa, ikajazwa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, na kuuzwa tena kama mpya. Wangapi kati yetu hufanya hivyo?

Uangalifu huu una ukoo mrefu. Katika uwanja wa Brooklands, uliofunguliwa Uingereza mwaka 1907, magari ya mbio yalinuka mafuta ya nyonyo, yale yale ya mbegu za mbarika unaoota bila kupandwa kando ya mashamba yetu. Oili ya Castrol yenyewe ilichukua jina lake kwa nyonyo hiyo mwaka 1909. Nyonyo ilishika chuma kwa nguvu ambayo mafuta ya petroli ya wakati ule hayakuwa nayo, lakini iliganda ikawa gundi, kwa hiyo mafundi walilazimika kufungua injini na kuisafisha kila mara. Kwa kulazimika, waliona. Walizijua injini zao kwa macho na vidole. Oili za kutengenezwa maabara zilipoenea kuanzia miaka ya 1970, ulazima ule ukaondoka, na pamoja nao, polepole, ukaondoka utazamaji.

Hata Safari Rally ilipokuwa shule ya mafundi wetu, kila kituo cha servisi kilikuwa na mtu wa kushika oili mkononi. Patrick Njiru alipomaliza wa nne na Impreza mwaka 1994, na Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997, mafanikio yalipita kwanza mikononi mwa watu waliolala chali kwenye vumbi wakinusa sampu. Majina yao hayamo popote.

Sasa nenda kwenye vituo vya servisi ya haraka. Mrija huingizwa kwenye tundu la dipstiki, pampu hunyonya, na oili mpya hutiwa kabla hujamaliza kahawa. Bolti haikuguswa, na uchafu uliotua chini umebaki chini. Filta huenda kwenye pipa ikiwa nzima. Hakuna aliyemwaga, kwa hiyo hakuna aliyeona. Watengenezaji nao wanatuzoesha: BMW na Audi nyingi za leo hazina dipstiki kabisa, kioo ndicho kinachokuambia kiwango, na kiwango ndicho jambo dogo kuliko yote ambayo oili ingekuambia. Magari ya michezo kama Toyota GR86 huagizwa 0W-20 ili kuokoa mafuta, na mwenye gari huipeleka oili hiyo hiyo kwenye raundi za uwanjani kwa sababu kitabu kimesema. Kitabu kilisema kweli, ila kwa barabara. Jioni hufungua simu akauliza watu asiowajua ni oili gani bora duniani, na mamia humjibu. Hakuna anayemuuliza geji ilifika nyuzi ngapi.

Kinachoniumiza ni kwamba injini zenyewe zinakwisha. EJ20 ilianza kutengenezwa mwaka 1989, na mwaka 2019 Japani ilitangaza toleo la kuiaga, magari 555 tu. Zilizopo Nairobi ndizo zilizopo. Ikifa moja huletwa nyingine iliyotumika, imefungwa kwa plastiki, haijulikani ilitiwa nini wala ilikimbizwaje, na wengi huitia garini siku hiyo hiyo na kurudi uwanjani wikendi ifuatayo. Mzee hukataa. Huizungusha kwanza kwa oili ya bei nafuu, akaimwaga ingali na joto, akakata filta, akadondosha tone kwenye karatasi na kungoja hadi kesho. Wateja wachache ndio wanaokubali kungoja hiyo siku moja.

Nilimuuliza ni nani atakayezisoma karatasi zile baada yake. Akanionyesha kijana mmoja mwenye macho makali aliyekuwa akitandaza filta kwenye meza, mwanafunzi wake pekee aliyebaki. Huja Jumamosi tu. Jumatatu hadi Ijumaa ameajiriwa kwenye kituo cha servisi ya haraka, na kazi yake huko ni kushika mrija wa pampu.