Chupa, Hewa na Tumbo la Mtoto Mchanga
Aghalabu mtoto wa Lubumbashi anywaye maziwa ya kopo, aliapo jioni huku amekunja magoti kifuani na uso umemwiva, hubadilishiwa kopo. Na kopo la pili likishindwa hutafutwa la tatu, lenye bei kubwa zaidi, hali ya kuwa sababu ya taabu yake mara nyingi si maziwa, bali ni namna mkono ulivyoishika chupa.

Maziwa ya mtoto katika mji huu yana tarehe yake. Shirika la migodi la Union Minière du Haut-Katanga, lilipoacha mwishoni mwa miaka ya 1920 desturi ya kuajiri vibarua wa muda mfupi, likawaweka wafanyakazi makambini kwa mikataba ya miaka 3 pamoja na wake zao, liliyafanya maisha ya watoto wachanga kuwa sehemu ya hesabu yake. Na chini ya tabibu wake mkuu, René Mouchet, watoto wa makambini walipimwa uzito na kuangaliwa, na walioachishwa ziwa wakalishwa kwa taratibu. Koloni ya Kibelgiji ilikuwa imekwisha kuujua mfano wa «Tone la Maziwa», ambao Dakta Léon Dufour aliuanzisha Fécamp, Ufaransa, mwaka 1894, ili maziwa yatolewe yakiwa safi, yamepimwa, na mama afundishwe palepale. Nia ya kampuni haikuwa huruma tupu: wakubwa wake waliona kwamba mama anyonyeshaye miaka miwili au zaidi hukawia kuzaa, nao walitaka vizazi vya wafanyakazi vifuatane upesi. Hilo nalichukia. Walakini katika utaratibu ule mlikuwa na jambo moja la thamani, nalo ni jicho la mjuzi lililomwangalia mtoto alipokuwa akila. Shirika lilipokuwa mali ya serikali mwaka 1967, kisha Gécamines, kampuni iliyolirithi, ikadhoofika katika miaka ya 1990 na mishahara ikakatika, jicho lile lilipungua pia. Chupa ikabaki katika mitaa ya Katuba na Kenya, hapa mjini, mikononi mwa mama na nkambo, yaani bibi, kando ya mbabula, jiko la makaa, pasipo mtu wa kuwaonyesha.

Basi na tuitazame kazi yenyewe ya kunywesha. Mtoto alipo kwenye ziwa, maziwa huja kwa kadiri avutavyo, naye akipumzika hupungua. Bali chupa iliyoinamishwa humwaga kwa uzito wa maziwa yenyewe, apende asipende, na mtoto, kwa kuogopa kupaliwa, hugugumia mbiombio, akimeza na hewa. Hewa hiyo hulitanua tumbo. Na kwa kuwa msuli ufungao njia kati ya umio na tumbo bado ni mlegevu kwa mtoto mchanga, tumbo lililojaa kupita kiasi hurudisha maziwa juu, naye hucheua. Jambo hilo kwa walio wengi hukoma kabla ya kutimiza mwaka.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni kupunguza mwendo. Mtoto apakatwe akiwa karibu wima, kichwa juu ya kiwiliwili, na chupa ilazwe karibu usawa, imeinuliwa kiasi cha kuijaza chuchu tu. Tazama ndani ya chupa: vipovu vikipanda kimoja kimoja, mtoto anakunywa vema, vikifuatana mbio bila kituo, au maziwa yakimtoka pembeni mwa midomo na vidole vyake vikikunjuka, ishushe chupa apumue. Kabla ya kumnywesha igeuze chupa chini juu: maziwa yadondoke tone baada ya tone, yasitiririke, na yeyote apanuaye tundu la chuchu kwa sindano ya moto ili uji upite, humzidishia mtoto taabu aliyotaka kumwondolea. Katikati ya kunywa na mwishoni aegemezwe begani mpaka apige mbweu, kisha akae wima nusu saa. Lakini wakati wa kulala alazwe chali, hata kama hucheua.

Uchanganyaji nao una athari. Chupa itikiswayo kwa nguvu hujaa povu, na povu ni hewa; heri kuizungusha polepole na kuiacha itulie. Unga wa kopo si kitu kisicho na vijidudu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huagiza maji yaliyochemka yatumike kabla hayajapoa chini ya nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe ndipo apewe mtoto. Makala, yaani makaa ya kuchemshia maji, ni ghali, najua. Lakini hapa si mahali pa kuyabania, wala vijiko vya unga visipunguzwe ili kopo lidumu.

Hata mkono stadi hauondoi kilio chote. Tabibu Morris Wessel wa Marekani, aliyeandika mwaka 1954 juu ya watoto waliao zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, alieleza hali iwapatayo watoto wenye afya na shibe; kilio hicho huzidi kwenye juma la sita hivi, na kwa kawaida huisha mtoto akiwa na miezi 3 au 4. Ila akitapika rangi ya kijani au damu, au matapishi yakaruka mbali kwa nguvu kila anyweshwapo, au akawa na homa, au uzito ukakataa kupanda, asibadilishiwe chupa wala kopo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.